Uso Nauweka Wapi? Sura ya utamaduni ya vyama vyetu na kura ya kijana

Mhadhara uliotolewa Ibanda, Bukavu, Novemba 2024

Mimi ni mwalimu wa historia. Nimepewa saa moja. Wanaonifahamu wanajua saa yangu ni ndefu, kwa hiyo naanza bila kuzunguka.

Kusudi langu leo ni kueleza jinsi vyama vya siasa vinavyojivika utamaduni, yaani nyimbo, nguo, lugha, mpira, hata ibada, ili viwavute vijana. Na kwa nini mvuto huo, hapa kwetu, hujaza viwanja kuliko unavyojaza masanduku ya kura. Maoni yangu nayatoa mapema ili asiyekubaliana nami aanze kuandaa swali lake. Nasema hivi: kijana wa Bukavu hadanganywi na sura ya chama, kwa sababu yeye ndiye anayeitengeneza. Anaishona, anaipiga picha, anaiimba, anaicheza, anaisambaza kwenye simu. Anajua imelipiwa kiasi gani na nani bado hajalipwa. Fundi aliyejenga kanisa si lazima awe muumini wake.

Nina hoja tano. Uzito wake si sawa. Ya tatu ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Hoja ya kwanza: vyama vyetu vya mwanzo vilitoka ndani ya utamaduni

Wengi tunadhani chama huzaliwa kwanza, kisha kinatafuta ngoma ya kuchezea. Historia yetu inaonyesha kinyume. ABAKO ilianzishwa Léopoldville mwaka 1950 na Edmond Nzeza-Nlandu ikiwa ni umoja wa kutetea na kuendeleza lugha ya Kikongo. Hapakuwa na kura, hapakuwa na mgombea. Joseph Kasavubu alipochukua uongozi wake mwaka 1954, lugha ikaanza kuzaa siasa, na miaka miwili baadaye umoja huo ulikuwa tayari unadai uhuru wa haraka. Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa ABAKO ulizuiwa. Watu waliokuja wakakataa kuondoka, na washabiki wa mpira waliokuwa wakitoka uwanjani siku hiyohiyo wakajiunga nao. Léopoldville ikawaka. Hakuna kamati iliyopanga mikusanyiko hiyo miwili ikutane. Ni vijana walewale wa mpira na muziki walioipa siasa miguu.

Na sisi tusijione wadogo. CEREA ilianzishwa hapahapa Bukavu mwaka 1958. Anicet Kashamura, aliyekuwa mmoja wa vinara wake, aliingia serikali ya Lumumba mwaka 1960 akiwa waziri wa habari. Chama hicho kilikuwa na sura ya wasomi wa mji waliochoshwa na walowezi na mashamba yao ya kahawa, chai na kwinini, na sura hiyo haikuchorwa na mtu yeyote aliyelipwa. Watu waliitambua kwa sababu ilikuwa yao.

Mfano wa pili wa siku hizo unanifurahisha kila mwaka ninapoufundisha. Wabelgiji waliunga mkono chama kilichoitwa Parti National du Progrès, PNP. Hakikukosa pesa. Lakini mitaani herufi zile tatu zilisomwa kwa Lingala: pene-pene na mundele, karibu na Mzungu. Basi, kikaganda hivyo. Baadaye, enzi za Mobutu, herufi za MPR, chama chake, nazo zilisomwa kwa Kifaransa na watu wazima kwa vijana: mourir pour rien, kufa bure. Chama kinachapisha herufi zake kwenye bendera, lakini jinsi zitakavyosomwa huamuliwa na walio chini ya bendera.

Mwaka 1960, wakati wa mazungumzo ya Meza ya Duara kuhusu uhuru mjini Brussels, Joseph Kabasele na African Jazz walitoa Indépendance Cha Cha, wimbo uliotaja vyama na viongozi wengi pamoja, mahasimu kwa marafiki. Vijana wa Bukavu ambao hawakuwahi kumwona mjumbe hata mmoja wa mazungumzo yale waliyajua majina ya vyama kwa sababu walikuwa wanayacheza. Wimbo ule haukuwa mali ya chama kimoja, na nafikiri ndiyo maana hadi leo hakuna anayeona haya kuucheza.

Hoja ya pili: MPR ilifanya utamaduni kuwa amri

Hapa wazee wenzangu watanisaidia. MPR ilianzishwa mwaka 1967 na manifesto yake ikatolewa N'Sele tarehe 20 Mei. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikawa Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakafutwa, Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, na sisi wengine tukaenda nyumbani kuuliza bibi zetu tunaitwaje. Suti na tai vikaondoka, abakosti ikaingia. Mama zetu wakavaa vikwembe vyenye uso wa Mkuu. Kisha ukaja ule mpango ulioitwa animation: makundi ya wacheza ngoma kila ofisi, kila kiwanda, kila shule. Katiba ya 1974 ikakifanya chama kuwa juu ya kila taasisi, na kila Mzaire akahesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa.

Asubuhi kabla ya darasa tulipangwa mistari. Tuliimba, tulipiga makofi, tulitikisa viuno tukiwa na umri wa miaka minane. Mtoto aliyecheza vizuri alichaguliwa kwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa Kavumu, na huko kulikuwa na biskuti. Nitakuwa mwongo nikisema tulichukia. Tulipenda ngoma, na biskuti tulizipenda zaidi. Lakini ndani ya miaka ile tulijifunza ujuzi ambao tumewarithisha watoto wetu bila kukusudia: kuucheza mwili mahali pamoja huku akili ikiwa mahali pengine.

Mwaka 1984, kwenye uchaguzi wa rais wenye mgombea mmoja, Franco mwenyewe, gwiji wa OK Jazz, alitoa wimbo wa kumnadi mgombea huyo. Jiulizeni: kama hakuna wa kushindana naye, wimbo wa kampeni ni wa nini? Nafikiri ulikuwa wa kuonyesha nani ana uwezo wa kumfanya Franco aimbe. Nguvu ilijitangaza kwa kuinunua sauti kubwa kuliko zote.

Vyama vingi viliruhusiwa tarehe 24 Aprili 1990. Tai zikarudi siku hiyohiyo, zile zilizokuwa zimefichwa chini ya masanduku. Miaka sita baadaye waasi wa AFDL wakaingia Bukavu, mwishoni mwa Oktoba 1996, pamoja na kadogo wao, askari watoto waliovaa mabuti yaliyowazidi miguu. Lingala la askari likaondoka, Kiswahili kikawa lugha ya bunduki. Habari hiyo ni ndefu na kuna familia humu ambazo bado zinaomboleza tangu wakati ule, kwa hiyo napita.

Hoja ya tatu: sura ya chama sasa ni kazi ya vibarua vijana

Kampeni iliyopita ilifunguliwa tarehe 19 Novemba 2023 ikafungwa tarehe 18 Desemba. Katika majuma hayo nilikuwa nasimama mara kwa mara kwa fundi cherehani mmoja wa Kadutu, kijana ambaye hajafika miaka 30. Vikwembe vya wagombea vilikuwa vimerundikana mezani hadi cherehani haionekani. Sasa sikilizeni tatizo lake. Kikwembe cha kampeni huchapishwa uso wa mgombea ndani ya duara, na duara hilo hujirudia katika kitambaa chote. Ukikikata kwa ajili ya gauni, uso mmoja huangukia kifuani, mwingine mgongoni, na wa tatu, usipoangalia, huangukia pale mama anapokalia. Mgombea hapendi kukaliwa. Mama naye hapendi kutembea sokoni na mwanaume asiye wake kifuani. Kwa hiyo kila mteja akiingia, yule kijana alikuwa na swali moja tu: "Uso nauweka wapi?" Alimwuliza mama wa chama hiki, akamwuliza mama wa chama kile, kwa sauti ileile, chaki mkononi. Nilimwuliza yeye atampigia nani kura. Akacheka. "Mwalimu, mimi nimeshona wote."

Jibu hilo lina elimu kubwa kuliko vitabu vingi vya siasa nilivyosoma. Yule kijana hakuwa na dharau. Alikuwa amegusa vyama vyote kwa vidole vyake, akajua ni pamba gani iliyo nzito na ni ipi itachuja rangi kwenye maji ya kwanza, na pale mezani pake vyama vilitofautiana kwa ubora wa kitambaa. Kitu kingine cha kuvitofautisha hakukiona, kwa sababu hakuna aliyekileta.

Tukitoka kwa fundi tuingie studio. Wanamuziki wetu wana desturi ya libanga, jiwe: jina la mtu linarushwa katikati ya wimbo kwa malipo. Ilianza kwa wafanyabiashara na wapenzi wao, sasa wanasiasa ni wateja wazuri. Mwenye studio mtaani kwetu anaweza kurekodi asubuhi wimbo wa mgombea mmoja na mchana wa mpinzani wake, mdundo uleule, akibadilisha jina na namba ya orodha. Mnajua nyimbo hizo. Vijana wanazicheza kweli, hata baada ya uchaguzi, kwa sababu mdundo ni mzuri. Kwamba wanacheza si ushahidi wa chochote.

Uhusiano huo wa msanii na chama unaweza pia kuuma. Tshala Muana, aliyemwimbia na kumfanyia kampeni Joseph Kabila kwa miaka mingi, alikamatwa Kinshasa Novemba 2020 kwa sababu ya wimbo ulioitwa Ingratitude, ambao watu waliusikia kama kijembe kwa rais mpya, Félix Tshisekedi. Aliachiwa kesho yake. Vijana waliona somo lake haraka: sauti ya kumsifu mkubwa inalipwa, sauti ya kumlaumu inalala selo. Msiwashangae basi wakichagua kulipwa.

Halafu kuna mabango. Mwanafunzi wa chuo mwenye kompyuta ya kuazima na programu ya kuchora humweka mgombea mbele ya Ziwa Kivu, humsafisha ngozi, humpunguza tumbo, humwongezea bendera. Kuna wale wa pikipiki wanaopewa lita za mafuta wafanye msafara kutoka Kavumu mpaka Place de l'Indépendance. Kuna wasichana wa kupokea wageni. Kuna wanaosambaza picha kwenye WhatsApp, kila mmoja na makundi yake. Wote hao ni vijana, na wote wanapokea kitu kidogo tunachokiita kwa heshima pesa ya transpoti, hata kwa mtu aliyekuja kwa miguu. Kampeni ni msimu, kama msimu wa kahawa. Mwenye nguvu anatoka kwenda kuchuma.

Uchaguzi ukiisha, nguo zinabaki. Tembeeni kwenye majengo yanayopandishwa Nguba na Muhumba mtazame migongo ya waashi. Mtaona wagombea wa 2011, wa 2018, wa 2023, wamepauka, wana mashimo mabegani, wanabeba simenti pamoja. Walioshinda na walioshindwa. Hapo ndipo umoja wa kitaifa umetimia.



Sababu ya hali hii si tabia mbaya ya vijana. Kabla ya uchaguzi wa 2023 orodha ya wizara ya mambo ya ndani ilikuwa na vyama zaidi ya 900. Chukueni karatasi muandike majina yake: taifa, umoja, maendeleo, muungano, mageuzi, Kongo. Yachanganyeni upya mpate chama kingine. Chama kisicho na msimamo unaojulikana kuhusu ardhi, shule au mshahara wa mwalimu hakina jinsi ya kujitofautisha na jirani yake isipokuwa kwa rangi na mdundo, na rangi na mdundo hununuliwa kwa watu walewale. Mapambo yote hayo yanafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na fikra.

Nao wanaopima mvuto kwa idadi ya walioandikishwa wanapima kitu kingine. Kwa miaka mingi kadi ya uchaguzi imekuwa ndiyo kitambulisho chetu. Kijana anaihitaji kutoa pesa kwenye simu, kupita kizuizi cha njiani, kuvuka Ruzizi kwenda Kamembe. Alisimama mistari ya CENI, tume ya uchaguzi, tangu alfajiri kwa sababu hiyo. Mwaka 2023 nchi nzima iliandikisha watu zaidi ya milioni 43, kura zilizopigwa zilikuwa kama milioni 18. Ndugu zetu wengi wa Masisi na Rutshuru walizuiwa na vita, mashine nyingi zilichelewa, hayo yote nayakubali. Bado hapo katikati pana watu wengi mno waliochukua kadi wakabaki nyumbani. Na waliokwenda kupiga walisikia, Januari 2024, kwamba CENI imefuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine. Baadhi yao ni nyuso zilizokuwa kwenye vikwembe vizuri kabisa.

Hoja ya nne: lugha na nyumbani huvuta, lakini si bila mipaka

Mtaniambia: mwalimu, umesahau uchaguzi wa 2006. Sijasahau. Mwaka ule kambi ya Jean-Pierre Bemba ilimnadi kama Mkongomani wa asilimia mia, na huku mashariki kila mtu alisikia anachotaka kusema. Joseph Kabila alizungumza Kiswahili, alikuja na sura ya amani baada ya vita, na Kivu ya Kusini ilimpa zaidi ya asilimia 90 katika duru ya pili. Mtu aliyeongoza kampeni ile na kuipa maneno alikuwa mtoto wa Bukavu, Vital Kamerhe. Vijana wa wakati ule walimsikiliza akigeuza lugha, Kiswahili hiki chetu, Lingala, Kifaransa, wakahisi kwamba hatimaye siasa inaongea kama wao. Hilo lilikuwa la kweli, halikununuliwa, na ndiyo maana lilifanya kazi.

Lakini tazameni lilivyoendelea. Kamerhe alijiuzulu uspika Machi 2009 baada ya kusema redioni kwamba hakujulishwa kuhusu kuingia kwa jeshi la Rwanda. Mwaka 2010 akaanzisha chama cha UNC, na katika uchaguzi wa 2011 akawa wa tatu kwa takriban asilimia 7.7 za nchi nzima. Mei 2024 akawa spika tena, ndani ya Union sacrée, muungano wa rais Félix Tshisekedi. Simlaumu, siasa ni safari. Nasema tu kwamba kijana aliyempenda mwaka 2011 kwa sababu alikuwa sauti ya mashariki inayopinga ana haki ya kuuliza sauti ile inasema nini sasa. Lugha ya nyumbani hufungua mlango. Haijibu swali hilo.

Mfano mgumu zaidi uko karibu nasi kuliko wote, na nausema kwa heshima. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mji huu, mshindi wa Nobel ya Amani ya 2018, aligombea urais mwaka 2023. Hakuna sura safi kuliko hiyo. Matokeo rasmi yalimpa chini ya asilimia 1, naye na wapinzani wengine waliyakataa. Hata tukiweka kando ugomvi wa hesabu, funzo linabaki: jina jema la mtu mmoja haligeuki kuwa chama kwa miezi miwili. Hakukuwa na matawi, hakukuwa na mashahidi katika kila kituo, hakukuwa na wale vijana wa kartye wanaojua nani anaishi nyumba ipi. Mlinganisheni na Moïse Katumbi, ambaye ameongoza klabu ya mpira ya TP Mazembe tangu 1997, miaka kumi kabla ya kuwa gavana wa Katanga. Hapa Bukavu, ambako watu huuana kwa maneno kuhusu timu za Muungano na Dawa, nimewaona vijana wakivaa jezi ya Mazembe waliyoinunua kwa pesa yao. Hiyo ni sura iliyolipiwa na mvaaji. Ilimfikisha nafasi ya pili, kama asilimia 18. Mpira nao una mpaka wake.

Kuhusu kabila nitasema sentensi chache tu, kwa kuwa wakati umeniishia na joto la ukumbi litapanda. Chama kinachoimba Kirega peke yake au Mashi peke yake kinajua kinachofanya. Kijana aliyezaliwa Nyawera, mama Mrega, baba Mshi, jirani Mbembe, hajui pa kujiweka humo. Mji huu umejaa vijana wa namna hiyo, na hakuna chama hata kimoja nilichokiona kikiwaimbia wao.

Hoja ya tano: sura inayovuta kweli iko nje ya vyama

Lucha ilianza Goma mwaka 2012. Filimbi ilitokea Kinshasa Machi 2015, na siku ileile ya kujitambulisha waliokuwepo walikamatwa. Harakati hizi hazina kikwembe. Wanakaa chini barabarani, wanapuliza filimbi, wanafagia mtaa ambao komini imeusahau, wanapelekwa selo wakiimba. Vijana wanawafuata, au angalau wanawaheshimu, kwa sababu kinachoonekana kimewagharimu wao wenyewe. Ila hawaombi kura. Hapo ndipo tunapokwama: panapoaminika hapana orodha ya wagombea, na penye orodha haaminiki mtu.

Majirani zetu wamejaribu kuunganisha vitu hivyo viwili. Uganda, mwanamuziki Bobi Wine aliifanya bereti nyekundu kuwa alama ya kizazi kizima, hadi serikali mwaka 2019 ikaitangaza kuwa vazi la kijeshi lisilovaliwa na raia. Ukiona dola inapiga marufuku kofia, ujue kofia imefanya kazi. Mwaka 2021 alitangaziwa takriban asilimia 35, na chama chake, NUP, kikawa chama kikubwa cha upinzani bungeni. Kenya, UDA ya William Ruto ilichukua wilibaro na hadithi ya kijana anayehangaika, ikashinda Agosti 2022. Lakini katika uchaguzi uleule vijana walikuwa asilimia 39.84 tu ya walioandikishwa, pungufu kuliko 2017. Na Juni 2024 vijana walewale walioimbiwa wilibaro waliingia bungeni Nairobi kupinga muswada wa kodi, bila chama, bila kiongozi, bila fulana ya mtu. Rais aliukataa muswada kesho yake. Sidhani tumemaliza kuelewa kilichotokea siku ile. Najua kwamba viongozi wa ligi za vijana wa vyama vyetu walikitazama kwenye simu zao, na baadhi yao, wenye mvi, hawakulala vizuri.

Tunakokwenda

Uchaguzi ujao ni 2028, kama ratiba itaheshimiwa. Oktoba 2024, rais alipozungumza Kisangani, mjadala mkubwa ukawa wa kubadilisha katiba, na kabla ya 2028 tunaweza kuombwa kura nyingine kabisa. Vikwembe vitachapishwa kwa hiyo pia. Kijana aliyekuwa na miaka 14 mwaka 2024 hapa Ibanda atakuwa na kadi wakati huo. Tukiwa na washauri wa komini waliochaguliwa Desemba 2023, yeye anaweza kuanza kuwauliza mambo ya karibu: mfereji wa Panzi, taka za Nyawera, maji ya bomba. Chama kitakachofungua ofisi siku ya Jumanne isiyo na kampeni, kikamwachia kijana wa miaka 25 ufunguo, daftari na haki ya kubishana na mkubwa wake, hakitahitaji kununua mdundo kwa mtu. Sheria tayari inamruhusu kuwa mbunge akiwa na umri huo. Vyama ndivyo vinavyomweka mkiani mwa orodha kisha vinamwita atikise bendera.

Nina ombi moja la vitendo. Mimi na walimu wenzangu wachache tumekubaliana kukusanya mabaki ya kampeni zetu tangu 2006: mabango, vikwembe, fulana, kanda za nyimbo, karatasi za ahadi, picha za WhatsApp. Tutaviandikia mwaka na chama, tutavipanga mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuja kusoma ahadi ya barabara ya mwaka 2006 na ile ya 2023, moja juu ya nyingine. Fundi wangu wa Kadutu ameshatoa vipande vya sampuli. Mwenye bango nyumbani, hata kama panya wameshakula pembe ya mgombea, asilitupe, alete. Tunapokea vyama vyote.

Maikrofoni iko wazi, na naomba mwulizaji wa kwanza awe na chini ya miaka 20.